Kalibresheni ya kamera: kila mtu anaisema, kila mtu ana yake

Waulize watu watatu wanaofanya kazi na kamera wakuambie kukalibreti ni kufanya nini, utapata majibu matatu yasiyofanana kabisa. Mtu wa roboti atakuambia unachapisha karatasi yenye miraba kama bodi ya drafti alafu unaipiga picha kwa pembe tofauti tofauti. Mtu wa studio atakupigia stori za kadi ya kijivu na kadi ya rangi. Mtu wa nyota atakuambia ufunike lenzi na mfuniko wake upige picha za giza tupu, nyingi, na utamwona kama kachanganyikiwa. Wote wako sahihi, na hapo ndipo watu wanapopotea maana chini ya jina moja kuna kazi nne tano, kila moja ina swali lake inalojibu, na ukimaliza moja usijidanganye kwamba umemaliza zote.

Kinachoziunganisha ni hiki: unaionyesha kamera kitu ambacho jibu lake unalijua tayari, unaangalia imekujibu nini, unaandika tofauti. Basi. Kalibresheni yenyewe wala haiitengenezi kamera, kamera inabaki na kasoro zake zote, ila sasa wewe unazijua kasoro kwa kiasi chake na unaweza kuzitoa kwenye hesabu baadae. Na kuanzia hapa utaona swali muhimu kuliko yote ni hilo la mwanzo kabisa, hicho kitu unachodai unakijua, umekijuaje?

Sifuri ambayo sio sifuri

Tuanzie kwenye sensa yenyewe. Mwanga ukigonga pikseli unang'oa elektroni, elektroni zinakusanyika mpaka shata ifungwe, zinageuzwa kuwa volti, volti inageuzwa kuwa namba. Sensa ya biti 12 inakupa namba kuanzia 0 mpaka 4095, ya biti 14 inafika 16383. Sasa mtu anaona pikseli imesoma 600 na nyingine 300 anasema hii imepata mwanga mara mbili ya ile. Hapana, bado mapema sana kusema hivyo.

Kwanza, waliotengeneza kamera huwa wanaongeza namba kidogo kwa makusudi kwenye kila pikseli ili chenga (kule kuyumba kwa namba kwa kubahatisha) zinazoshuka chini zisikatwe kwenye sifuri, kwahiyo giza totoro linaweza kusoma 64 au 256 au hata zaidi kutegemea na kamera. Pili, joto nalo linang'oa elektroni, hata kama hakuna mwanga hata chembe, na hizi zinaongezeka kadri shata inavyokaa wazi. Kwenye sensa za silikoni kasi yake inajirudufu kila joto likipanda kama nyuzi 6 mpaka 8 hivi, ndio maana kamera za nyota zina kifaa cha kuipoza sensa, sio mbwembwe. Alafu kuna pikseli chache zenye kichwa ngumu ambazo zinang'aa zenyewe hata ukifunika lenzi.

Dawa ya yote hayo ni ile picha ya giza ya mtu wa nyota. Ni kama mizani unapoweka bakuli tupu kwanza ukaibonyeza isome sifuri, ndio uanze kumimina unachotaka kupima. Ila kuna masharti: muda wa shata uwe uleule, ISO (usikivu uliouweka kwenye kamera) ileile, joto la sensa lilelile. Picha ya giza uliyopiga asubuhi kamera ikiwa baridi haikusaidii kwa video uliyorekodi mchana kamera ikiwa imechemka. Na usipige moja, piga nyingi utafute wastani, maana hata picha ya giza ina chenga zake na ukiitoa kwenye picha yako unazihamishia humo. Wastani wa picha 16 unapunguza chenga mpaka robo, wa 64 unapunguza mpaka moja ya nane, yaani inakwenda kwa kipeuo cha pili na baada ya hapo unachosha kamera tu.

Ukishatoa giza bado kuna tatizo la pikseli zisizolingana. Hakuna pikseli mbili zenye usikivu uleule, vumbi kwenye kioo cha sensa linaacha madoa ya duara, na kubwa kuliko yote ni lenzi, ambayo inapeleka mwanga mwingi katikati na kidogo pembeni. Kwa lenzi ya kawaida ya vitabuni, mwanga unaoingia kwa pembe ya nyuzi 30 unafika kama asilimia 56 ya ule wa katikati, na ukienda nyuzi 40 unabaki kama asilimia 34. Lenzi halisi nyingi zimeundwa kupunguza hilo lakini zina vivuli vyake vingine, so usitegemee fomula, pima. Unapima kwa kupiga picha kitu cheupe kinachong'aa sawasawa kila mahali, watu wanaiita flati, unatoa giza kwenye flati pia (hili wengi wanasahau), alafu unagawanya picha yako kwa hiyo flati. Kugawanya, sio kutoa, kwa sababu kosa hili ni la kuzidisha, pikseli inayopata nusu ya mwanga itapata nusu siku zote iwe jioni au mchana. Flati iwe imejaa kiasi, kama nusu ya uwezo wa sensa hivi, ikijaa mpaka juu ni takataka. Na ukishaipiga usizungushe lenzi, usibadili fokasi, usifute vumbi, maana kila ukigusa unatakiwa urudie.

Yote haya yanahusu faili ghafi (RAW), yaani namba kama zilivyotoka kwenye sensa. JPEG imeshapita kwenye mikono ya programu ya kamera, imepindishwa ili macho yafurahie, imeondolewa chenga, imeongezewa makali, kwahiyo namba 200 kwenye JPEG haimaanishi mwanga mara mbili ya 100 hata kidogo. Kuna njia ya kuufumua huo mkunjo kwa kupiga kitu kilekile kwa muda tofauti wa shata, Debevec na Malik waliionyesha mwaka 1997 na inafanya kazi vizuri, ila kamera za simu za siku hizi zinabadilisha mkunjo kila picha kulingana na kilichomo, so kama unataka kupima kitu cha maana tafuta njia ya kupata ghafi.

Kuna kipengele kimoja hapa nakipenda kuliko vyote na watu wengi hawakijui. Unaweza kujua namba moja ya kamera yako ni sawa na elektroni ngapi bila kuwa na taa yoyote iliyopimwa maabara. Fotoni zinafika kwa kubahatisha, na kubahatisha huko kuna sheria yake: ukikusanya elektroni 10,000 kwa wastani, zitayumba kwa kama 100, kipeuo cha pili. Kwahiyo unapiga flati mbili zinazofanana kwenye kila kiwango cha mwanga, unatoa moja kwenye nyingine ili madoa na vivuli vifutike zibaki chenga tupu, unakokotoa varianzi (kiasi cha kuyumba kikizidishwa kwa chenyewe) ya hiyo tofauti unaigawa kwa mbili, alafu unachora mchoro wa varianzi dhidi ya wastani. Unapata mstari ulionyooka, na mteremko wake ndio jibu. Mfano wastani ni 2,000 (ukishatoa giza) na varianzi imetoka 1,000, mteremko ni 0.5, maana yake kila elektroni inakupa nusu namba, na hizo 2,000 ni elektroni 4,000. Ukicheki, kipeuo cha 4,000 ni kama 63, nusu yake 31.6, na ukikizidisha kwa chenyewe unarudi kwenye 1,000. Mwanga umejipima wenyewe. Kiwango cha EMVA 1288 ambacho watengenezaji wa kamera za viwandani wanakitumia kulinganisha sensa kimejengwa kwenye wazo hili.

Bodi ya drafti

Sasa swali jingine kabisa: pikseli hii inaangalia upande gani wa dunia? Hapa rangi na mwangaza hazina kazi, tunataka jiometri. Kamera inachukuliwa kama tundu dogo linalopitisha mistari, na kuna namba nne za msingi, urefu wa fokasi (lenzi inakuza picha kiasi gani) kwa pikseli kwenda kulia na kwenda chini, na kitovu cha picha kiko pikseli ya ngapi, ambacho kwa bahati mbaya karibu kila mara hakiko katikati kabisa. Juu ya hapo unaongeza namba za kupinda, kwa sababu lenzi pana zinaupinda mstari ulionyooka uwe kama tumbo la pipa. Fomula ya kupinda inayotumika mpaka leo ina mizizi ya zamani, Conrady aliandika mwaka 1919 na Brown akaikamilisha miaka ya 1960 na 1970 kwa ajili ya kamera za kutengeneza ramani kutoka angani. Enzi hizo ilikuwa kazi ya maabara yenye vifaa vizito. Tsai akairahisisha mwaka 1987, alafu Zhang mwaka 2000 akachapisha njia ambayo unahitaji karatasi bapa tu yenye mchoro unaoujua, na wala huhitaji kujua umeishika wapi. Hiyo ndio iko ndani ya OpenCV, programu maarufu ya kuchakata picha, na ndio kila mtu anaitumia.

Inawezekanaje bila kujua bodi iko wapi? Kila picha ya bodi bapa inatoa masharti mawili kwa namba za ndani za kamera. Namba za ndani kwa ujumla wake ni tano (zile nne na moja ya mshazari ambayo mara nyingi ni sifuri), kwahiyo picha tatu za pembe tofauti zinatosha kwa hesabu. Kwa vitendo piga 15 au 20 au zaidi kwa sababu kona zinasomwa kwa makosa kidogo na namba za kupinda nazo zinataka chakula chao.

Programu ikimaliza inakupa namba moja ambayo watu wanaishangilia kupita kiasi. Inachukua majibu iliyoyapata, inakokotoa kila kona ya mraba ilitakiwa ionekane wapi kwenye picha, inalinganisha na pale ilipoonekana, na tofauti ya wastani inakuja labda 0.3 ya pikseli na mtu anafunga laptop anasema tayari. Tatizo, hiyo namba inaweza kuwa ndogo sana na kalibresheni ikawa mbovu sana. Ukipiga picha zote bodi ikiwa imekutazama uso kwa uso, kamera haiwezi kutofautisha fokasi ndefu na bodi iliyo karibu, mambo mawili yanalipana na kosa linabaki dogo. Ukiweka bodi katikati tu ya picha, kupinda kwa pembeni kunabaki kubahatisha. Kwahiyo inamisha bodi, kwa nyuzi 30 au 45 hivi, huku na huku, ipeleke mpaka kwenye kona za picha, isogeze karibu na mbali. Alafu jaribu kwa picha ambazo hukuzitumia kwenye hesabu, hapo ndio utajua ukweli.

Bodi yenyewe nayo ina mambo. Karatasi iliyobandikwa kwenye kadibodi inayojikunja ni ugonjwa, bandika kwenye kioo au alumini. Na printa zina tabia ya kupunguza ukubwa ili kutoshea ukurasa, mraba wa milimita 25 unatoka 24. Hapa kuna kitu cha kushangaza, kama imepunguza sawasawa pande zote, fokasi na kitovu havibadiliki, kwa sababu kamera moja haiwezi kujua ukubwa. Lakini umbali wote utakaopima utakuwa na kosa la asilimia 4 na hutaona dalili yoyote. Chukua rula upime mraba ulivyotoka, sekunde kumi tu. Ikiwa printa imevuta upande mmoja tu basi hata fokasi imeharibika.

Ufunge fokasi na zumu kabla hujaanza, kwa sababu fokasi ikijisogeza yenyewe lenzi inakuwa lenzi nyingine. Ule mfumo wa kutuliza mtikisiko uzime, unasogeza kioo au sensa na kitovu kinahama. Kwa lenzi pana sana zile za jicho la samaki fomula ya kawaida inavunjika pembeni, kuna modeli zake kama ile ya Kannala na Brandt ya 2006.

Kwa kamera mbili zinazopima umbali kwa pamoja makosa yanauma zaidi. Chukua fokasi ya pikseli 1,000 na kamera zilizoachana sentimita 10. Kitu kilicho mita 5 kinaonekana kimehama pikseli 20 kati ya picha mbili, ukikosea pikseli moja umekosea umbali kwa sentimita 25 hivi. Kitu cha mita 10 kinahama pikseli 10 tu, na pikseli ileile moja sasa inakugharimu kama mita nzima. Umbali mara mbili, kosa mara nne. Roboti inayogonga ukuta mara nyingi haina akili mbovu, ina kalibresheni ya mwaka juzi na mtu aliyeigonga kamera wakati wa kusafirisha akanyamaza.

Rangi, na anga ya Mars

Sensa haioni rangi. Juu yake kuna vichujio vidogo vyekundu, kijani na bluu kwa mpangilio ambao Bryce Bayer wa Kodak aliupatia hataza mwaka 1976, na vichujio hivyo havifanani na jicho la mtu. Kwahiyo unapiga picha kadi yenye rangi zinazojulikana, maarufu ni ile ColorChecker ya vibao 24 ambayo nayo ni ya 1976, unatafuta jedwali la namba tisa linalogeuza majibu ya kamera kuwa rangi zilizopimwa, na unarekebisha ili kijivu kitoke kijivu. Jedwali hilo ni la taa ile tu. Ukibadili taa anza upya, na usishangae ukikuta nguo mbili ambazo kwa macho zina rangi moja kwenye kamera zimeachana, hilo halina jedwali la kulimaliza.

Mwaka huohuo 1976 chombo cha Marekani Viking 1 kilitua Mars, na picha ya kwanza ya rangi ilipotolewa kwa umma anga lilikuwa bluu. Watu wakafurahi, kama nyumbani. Wataalamu walipolinganisha vizuri, wakitumia vibao vya rangi vilivyobandikwa kwenye chombo chenyewe, anga likahamia kwenye rangi ya njano iliyochanganyika na waridi, kwa sababu ya vumbi linaloelea. Tangu hapo roboti nyingi zinazopelekwa huko zinabeba kibao chake. Spirit na Opportunity za 2004 zilibeba kinachotumika pia kama saa ya jua, Curiosity ina hata sarafu ya senti moja ya Marekani ya mwaka 1909 kwa ajili ya kamera iliyo kwenye mkono wa roboti. Kero ni kwamba vumbi la Mars linakaa juu ya vibao na kuviharibu rangi, ndipo kwenye Perseverance wakaweka sumaku chini ya vibao ili zivute vumbi lenye chuma kwenye mduara mmoja, katikati pabaki pasafi.

Ukitaka wati

Mpaka hapa tunalinganisha pikseli na pikseli, rangi na rangi. Kuna wanaotaka namba kamili, wati ngapi kwa mita ya mraba, na hao wanahitaji tufe tupu lililopakwa weupe mkali kwa ndani ili mwanga uzunguke utoke sawasawa, taa ambayo ililinganishwa na taa nyingine ambayo ililinganishwa na nyingine mpaka kwenye maabara ya taifa ya vipimo. Kila hatua ya mnyororo inaongeza shaka yake kidogo.

Alafu unaiweka kamera kwenye satelaiti, inatikiswa na roketi, inafika juu jua linaanza kuila na huwezi kuirudisha maabara. Njia zipo. Nyingine zinabeba kibao cheupe cha kuakisi jua, ila kibao chenyewe kinafifia kwa mionzi ya urujuanimno. Nyingine zinaangalia sehemu za ardhi tambarare kama Railroad Valley kule Nevada au Gobabeb Namibia, ambako vifaa vya chini vinapima muda wote. Na nyingine zinautazama mwezi, maana hauna hewa wala majani na uso wake haubadiliki kwa kiasi tunachoweza kukihisi, mfano SeaWiFS, sensa ya satelaiti iliyorushwa 1997, ilikuwa inageuka kuuangalia kila mwezi ili kujua sensa imechoka kiasi gani. Ile ilikuwa inapima rangi ya bahari, na kwenye kazi hiyo kama asilimia 90 ya mwanga unaofika juu umetoka kwenye hewa na sio kwenye maji, kwahiyo ukikosea asilimia 1 kwenye kalibresheni umekosea kama asilimia 10 kwenye maji. Ndio maana kuna boya linaelea karibu na kisiwa cha Lanai, Hawaii, kazi yake ni kusema maji yanang'aa kiasi gani kweli.

Rejea ikiwa mbovu

Tumerudi kwenye lile swali, umekijuaje. Darubini ya Hubble ilirushwa Aprili 1990 na picha zikatoka na ukungu. Kioo kikuu kilikuwa kimesuguliwa kwa usahihi wa ajabu kufuata umbo lisilo lenyewe, ukingoni kilikuwa bapa kupita kiasi kwa kama mikromita 2.2. Chanzo ni kifaa cha macho kilichotumika kukipima kioo, lenzi moja ndani yake ilikaa vibaya kwa milimita 1.3. Na vipimo vingine viwili vilionyesha kabla kwamba kuna kitu hakiko sawa, vikapuuzwa kwa sababu kile kifaa kibovu ndicho kilichoaminika kuwa sahihi zaidi! Nafuu yake ilikuwa kwamba kosa lilikuwa safi na linapimika, hivyo wakatengeneza vioo vya kulifuta na wanaanga wakavifunga Desemba 1993.

Mfano mwingine uko kwenye kidole cha mgonjwa. Kile kibanio cha kupima oksijeni ni sensa ya mwanga, kinapitisha mwanga mwekundu wa kama nanomita 660 na infraredi ya kama 940, kinachukua uwiano, alafu kinaangalia kwenye jedwali uwiano huo ni asilimia ngapi. Jedwali lilitoka wapi? Kwa watu wa kujitolea wenye afya, waliopumua hewa yenye oksijeni kidogo huku damu yao ikipimwa. Kama wengi wao walikuwa na ngozi nyeupe, jedwali ni la ngozi nyeupe. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2020 ulikuta kwamba kwa wagonjwa weusi kifaa kilikosa kuona upungufu mkubwa wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya kwa wagonjwa weupe. Kifaa hakikuharibika, sensa nzima, betri imejaa, namba inaonekana nzuri kwenye kioo.

Kwa hiyo ukiletewa kamera ukaambiwa imekalibretiwa, uliza kwa kitu gani, kwa joto gani, lini, fokasi ikiwa wapi, na kosa lilipimwa kwa picha zipi. Kama ni ya kupima umbali omba zile picha za bodi uzitazame mwenyewe, dakika mbili zinatosha kuona kama bodi iliwahi kufika kwenye kona. Kama ni ya kupima mwanga omba picha za giza na flati, pamoja na faili ghafi. Na kama anayekuletea hana hata kimoja kati ya hivyo, panga muda wa kuifanya upya kabla hujaanza kazi, maana data ikishakusanywa kwa kamera ambayo imeshaguswa fokasi, hakuna wa kukuambia fokasi ilikuwa wapi siku ile.